Picha Imejibu Swali Gani? Hotuba kuhusu ultrasaundi ya kifuko cha nyongo kabla ya upasuaji

Hotuba hii ilitolewa mjini Lamu baada ya sala ya Alasiri, mbele ya wagonjwa, jamaa zao na wahudumu wa afya. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao maji hayakuwaruhusu kuvuka. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe wetu, walimu, kina mama na kina baba, wauguzi na matabibu wenzangu, nanyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kuja. Naona wako waliotoka Matondoni kwa punda na waliotoka Faza na Kizingitini kwa boti, na najua kwamba watu wa Pate watatutoka kabla maji ya mkondo wa Mkanda hayajapwa, kwa hiyo sitazunguka sana.

Kazi yangu mimi ni kupiga picha za ultrasaundi. Sipasui, wala siandiki dawa. Kwa miaka mingi nimekaa katika chumba chenye pazia zito na taa hafifu, nikimpaka mtu jeli ya baridi tumboni na kumwambia, vuta pumzi, ishike, iachie. Walioandaa mkutano huu wameniletea swali moja: je, kipimo hiki kinaaminika kiasi gani katika kuonyesha ugonjwa wa kifuko cha nyongo kabla mtu hajapelekwa kupasuliwa? Wameniletea swali hilo kwa sababu mtaani kuna maneno ya aina mbili. Wako wanaosema kwamba mashine haikosei, ikishasema imesema. Na wako wanaosema kwamba picha za siku hizi ni biashara tu, kila aendaye huambiwa ana mawe.

Ndugu zangu, pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa sababu moja. Zinadhani kwamba picha hujibu swali moja, ilhali daktari anayetaka kukupasua huiuliza picha maswali manne tofauti. Kuna swali ambalo picha hulijibu vizuri mno, kuna ambalo hulijibu kwa kiasi, kuna ambalo hulijibu kwa kubabaika, na kuna moja ambalo haiwezi kulijibu kabisa. Basi ukipewa karatasi ya majibu, usiulize kama picha ni nzuri au ni mbaya. Uliza: picha hii imejibu swali gani?

Tuanze na kifuko chenyewe. Kila mmoja wetu aliyewahi kuchinja mbuzi wa Idi anakijua bila kufundishwa na daktari. Mchinjaji akishafika kwenye ini hupunguza mwendo. Hukishika kile kifuko cha kijani kwa ncha za vidole, hukikata pamoja na kipande kidogo cha ini kilichogandamana nacho, akakitupa mbali, kwa sababu kikipasuka nyama yote huwa chungu. Washairi wetu humwita mpenzi mkalia ini. Huyu naye amekaa papo hapo, chini ya ini, ila mapenzi yake ndiyo hayo. Cha binadamu kina urefu wa takriban sentimita 7 hadi 10. Kazi yake ni kuweka akiba ya nyongo inayotengenezwa na ini, na tunapokula mafuta hujikunja na kuisukuma nyongo hiyo hadi utumboni kupitia mrija mwembamba. Nyongo ikizidiwa na kolesteroli, au kifuko kikizembea kujikamua, chembe huganda, chembe huwa changarawe, na changarawe huwa vijiwe. Kijiwe kikiziba mlango wa kifuko wakati kifuko kinataka kujikunja, hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Nitawasimulia habari za mama mmoja wa Langoni, mpishi wa harusi, ambaye wengi wenu mmekula biriani yake bila kujua. Kwa miaka miwili alitibiwa vidonda vya tumbo. Kila baada ya karamu, usiku wa manane, maumivu yalimwamsha; yalianza chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi kwenye bega la nyuma upande uleule, yakakaa saa mbili au tatu, kisha yakaondoka kama mgeni asiyeaga. Asubuhi alikuwa mzima, akameza vidonge vyake vya vidonda na kurudi jikoni. Hakuna aliyemuuliza maumivu yanakuja baada ya kula nini. Alipofika kwangu alikuwa hajala tangu usiku, kama alivyoagizwa. Nilimlaza chali, nikakipata kifuko: umbo la pera, jeusi tii, kwa maana nyongo ni majimaji na majimaji huonekana meusi kwenye kioo chetu. Na ndani ya weusi ule, chini kabisa, palikuwa na matao manne meupe yanayong'aa, na nyuma ya kila tao kivuli cheusi kilichonyooka, mfano wa kivuli cha nguzo ya gati jua linapotua. Nikamwambia ageukie ubavu wa kushoto. Yale matao yakabingirika yote kwa pamoja, yakatua upande wa pili.

Akakikodolea kioo macho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, yale ni mawe au ni mbaazi?"

Yalikuwa mawe. Yameng'aa, yametupa kivuli, yametembea. Mambo hayo matatu yakikutana, mpiga picha hana haja ya kusitasita. Kinundu kilichoota kwenye ukuta wa kifuko hakitembei, na aghalabu hakina kivuli. Tope la nyongo hutembea, lakini polepole kama uji, nalo halina kivuli. Kijiwe kina vyote vitatu. Kazi nzima ilichukua kama dakika kumi, na miaka miwili ya vidonge vya vidonda ikaishia hapo.

Kwa nini mashine iweze kuona jiwe dogo lililojificha chini ya ini? Wazee wa Matondoni hawatashangaa. Fundi anayetengeneza jahazi huugonga ubao kwa nyundo akausikiliza. Ubao mzima hulia sauti yake, na ubao uliooza hulia sauti nyingine, na fundi huujua uozo bila kuupasua ubao. Ultrasaundi ni kugonga kwa namna hiyo, isipokuwa kwa sauti ambayo sikio halisikii. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine tunayoitumia tumboni hupiga mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5. Sauti hiyo hupita mwilini kwa mwendo wa takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kila inapogonga kitu kigumu zaidi au laini zaidi sehemu yake hurudi, na mashine huhesabu muda wa kurudi kwake na kuchora picha. Jiwe huirudisha karibu sauti yote, ndiyo maana linang'aa na ndiyo maana nyuma yake pana kivuli. Wala mfano wangu wa fundi si wa mzaha. Profesa Ian Donald wa Glasgow, ambaye mwaka 1958 pamoja na wenzake alichapisha picha za tumbo zilizoifungulia njia ultrasaundi katika tiba, alianza majaribio yake kwa mashine zilizokuwa zikitumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya chuma.

Kabla ya hapo hali ilikuwaje? Carl Langenbuch alipokiondoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa kwa mara ya kwanza, mjini Berlin mnamo Julai 1882, hakuwa na picha yoyote. Alikuwa na maelezo ya mgonjwa na mikono yake mwenyewe. Mwaka 1924 madaktari wawili wa Marekani, Graham na Cole, wakabuni njia ya kutumia dawa inayoingia kwenye nyongo na kuonekana kwenye eksirei, na kwa miongo mingi wagonjwa walimeza vidonge usiku na kupigwa picha asubuhi. Eksirei ya kawaida peke yake haisaidii sana hapa, kwa kuwa vijiwe vingi havina chokaa ya kutosha, na hata siti skani, kwa ukubwa wake wote na bei yake yote, hupitwa na baadhi ya vijiwe ambavyo ultrasaundi ya kawaida huviona. Nalisema hili kwa sababu wako jamaa wanaouza ng'ombe ili wampeleke mgonjwa Mombasa kwa siti skani ya vijiwe, wakati jibu lingepatikana hapa hapa.

Sasa tuje kwenye hesabu, na naomba mnivumilie kidogo, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika, na si watu wa mtaani tu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyokusanya ndani yake tafiti nyingi zilizotangulia kuhusu ultrasaundi na vijiwe. Hesabu ya kwanza ilitoka tamu sana: katika kila watu 100 wenye vijiwe, picha iliwagundua 97. Lakini wao wenyewe wakajiuliza swali la busara. Tunajuaje kwamba watatu tu ndio waliokoswa? Vijiwe vilithibitishwa kwa upasuaji, na aliyepelekwa kwenye upasuaji ni yule ambaye picha yake ilikuwa imeshaonyesha vijiwe. Yule aliyeambiwa "huna kitu" alirudi nyumbani kwake, na kama alikuwa navyo, nani alifungua akaviona?

Wavuvi mlioko hapa mnalielewa jambo hili kuliko profesa. Mtu anayehesabu samaki walioingia wavuni hawezi kukwambia ni wangapi waliopita kando ya wavu. Watafiti wale walipoirekebisha hesabu kwa kuzingatia hao waliopita kando, 97 ikashuka ikawa 84. Yaani katika kila watu 100 wenye vijiwe, huenda 16 wakaambiwa hawana. Kwa upande mwingine, katika kila watu 100 wasio na vijiwe, 99 waliambiwa kweli. Mnaona tofauti yake? Picha ikisema "vipo", karibu hakika vipo. Picha ikisema "havipo", sikiliza, shukuru, lakini maumivu yakirudi vilevile, rudi nawe upigwe tena.

Na hao 16, ndugu zangu, mimi ninamjua mmoja wao. Picha yake niliipiga mimi. Ilikuwa siku ya foleni ndefu, mahali nilipokuwa nafanya kazi wakati huo. Alikuja kijana wa makamo, mchongaji milango, na alikuwa amekunywa chai ya maziwa kwa mahamri asubuhi ile, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asile. Kifuko kilikuwa kimejikunja kama ndimu iliyokamuliwa. Nilipaswa kumwambia arudi kesho na tumbo tupu. Nikaona huruma, boti yake ilikuwa inangoja. Nilipaswa kumgeuza ubavu, na kumsimamisha, sikumgeuza. Nikaandika kwamba kifuko hakina tatizo, nikatia saini. Wiki tatu baadaye alirudi na homa, hawezi kunyooka. Mwenzangu alimlaza ubavu wa kushoto, na kwenye shingo ya kifuko, mahali panapojikunja na ambapo mtu aliyelala chali huficha siri zake, palikuwa na kijiwe kimoja kilichokwama. Alipasuliwa, akapona, na mlango aliomchongea mama yangu upo mpaka leo. Lakini karatasi ile ina saini yangu. Siku hizi hata ukinililia kwamba nahodha anakupigia simu, nitakugeuza.

Swali la kwanza basi, "je, vijiwe vipo?", picha hulijibu vizuri mno, kwa sharti la tumbo tupu na mkono usio na haraka. Twende kwenye swali la pili: je, kifuko kimevimba? Kwa maana kijiwe kilichotulia ni jambo moja, na kifuko kilichowaka moto ni jambo jingine. Hiki cha pili hakingoji, na mpasuaji anataka kujua atakutana na nini akifungua. Hapa tunatazama ukuta wa kifuko, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 3. Tunatazama kama pana majimaji yamekizunguka. Na tunakibonyeza kifuko kwa mashine yenyewe huku tukikiona kwenye kioo, tukiuliza: ni hapa? John Benjamin Murphy, mpasuaji wa Chicago, alieleza mapema karne iliyopita kwamba mgonjwa wa namna hii, ukimbonyeza chini ya mbavu za kulia huku akivuta pumzi, pumzi humkatika katikati. Sisi tunafanya yaleyale, ila tunajua hasa tunabonyeza nini. Dalili hiyo ikikutana na vijiwe, picha ina nguvu. Ila mgonjwa akiwa ameshadungwa sindano kali ya maumivu hatasema "ni hapa", na sisi tutadanganyika. Wauguzi wenzangu, tuandikieni saa ya sindano.

Pamoja na hayo yote, tafiti zilizojumuishwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2012 zilionyesha kwamba katika kila vifuko 100 vilivyovimba kweli, ultrasaundi ilivitambua 81. Na katika 100 visivyovimba, ilivisingizia 17. Kipo kipimo kinachoshinda hapa, kile cha kudunga dawa yenye mionzi hafifu na kuifuata inavyopita kwenye nyongo, ambacho kilitambua 96 katika 100. Lakini kinahitaji mashine yake, dawa yake na saa kadhaa, kwa hiyo duniani kote bado tunaanza na ultrasaundi.

Mbona isingizie? Kwa sababu ukuta wa kifuko hunenepa kwa mambo mengi ambayo hayahusu kifuko. Moyo ukishindwa kusukuma damu, hunenepa. Ini likiwa na homa au likisinyaa, hunenepa. Ukila kabla ya kipimo, huonekana mnene kwa sababu tu umejikunja. Na liko jambo moja linalotuhusu sisi watu wa pwani kuliko madaktari wa bara. Homa ya dengi, ambayo wazee wetu waliiita kidingapopo, na wako wanazuoni wa lugha wanaosema kwamba jina lenyewe la dengi limetokana na neno letu hilo, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1982, hapo Malindi na pwani ya karibu, na tangu hapo imekuwa ikirudi. Homa hiyo hufanya mishipa midogo ya damu ivuje, na ukuta wa kifuko cha nyongo hujaa maji ukanenepa.

Aliletwa kwangu kijana ana homa ya siku ya tano, mwili unauma wote, na tumbo la juu linauma pia. Ukuta wa kifuko ulikuwa milimita 7, umegawika matabaka kama chapati ya kusukuma. Ndani hapakuwa na kijiwe hata kimoja. Nilipobonyeza, hakushtuka kuliko nilipobonyeza pengine. Mtu anayesoma karatasi tu, "ukuta umenenepa, maji yamezunguka", angeanza kutafuta chumba cha upasuaji. Bahati njema tabibu aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa hapa hapa. Akauliza kwanza, nyumbani kwenu wangapi wana homa? Wanne. Damu yake ikapimwa, chembe za kugandisha damu zilikuwa zimeshuka sana, na kipimo cha dengi kikathibitisha. Fikirini kumpasua mtu ambaye damu yake haigandi, kwa ajili ya kifuko kisicho na hatia! Wiki mbili baadaye nilimpiga picha tena, ukuta umerudi kuwa mwembamba kama karatasi. Picha ilikuwa imesema kweli: ukuta umenenepa. Swali la kwa nini halikuwa swali lake.

Swali la tatu: je, kuna kijiwe kilichotoroka kifukoni kikaingia kwenye mrija mkuu wa nyongo? Mpasuaji ana haja kubwa ya kulijua hili, kwani akikitoa kifuko na kukiacha kijiwe mrijani, tatizo amelibakisha ndani. Hapa ndipo picha yetu inapobabaika. Mrija huo huteremka nyuma ya utumbo mdogo kuelekea kwenye kongosho, na utumbo una hewa, na hewa kwa ultrasaundi ni pazia. Tafiti zilizokusanywa na shirika la Cochrane mwaka 2015 zilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye kijiwe mrijani, ultrasaundi iliwagundua 73. Watu 27 wakapita kando ya wavu.

Kwa hiyo hatutegemei kukiona kijiwe chenyewe tu. Tunapima upana wa mrija, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 6 ingawa hupanuka kidogo kwa umri, na tunaulinganisha na damu. Bibi mmoja wa Shela alikuja na mwanawe wa kike akalalamika, "Mato yangu yamekuwa manjano, na hapa tumbo la yuu panauma." Kifukoni niliona vijiwe vidogo vidogo kama punje za mtama. Mrija ulikuwa milimita 11 mahali nilipoweza kuuona, na kuanzia hapo chini ulipotea ndani ya hewa. Sikuona kijiwe mrijani, na niliandika hivyo hivyo: mrija umepanuka, sehemu ya chini haikuonekana. Sikuandika "hakuna kijiwe". Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu maneno hayo mawili si sawa, na mgonjwa anaweza kufa katikati yake. Daktari alipoiona karatasi, pamoja na bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, iliyokuwa juu kwenye damu, hakumpeleka kwenye kisu. Alimpeleka kwanza Mombasa kwa picha ya sumaku ya mirija ya nyongo, kijiwe kikaonekana, kikatolewa kwa kamera inayopitishwa kinywani, na kifuko kikaondolewa baadaye kwa matundu madogo.

Nami niseme hapa, hata kama si zamu yangu: macho ya manjano, homa ya kutetemeka, na maumivu chini ya mbavu za kulia, vikikutana vitatu, msingoje picha, msingoje asubuhi, na msingoje maji yajae kama kuna njia nyingine yoyote. Mrija ulioziba na kuoza ndani huua kwa siku chache.

Limebaki swali la nne, nalo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu picha husingiziwa kwamba imelijibu. Je, vijiwe hivi ndivyo vinavyokuuma? Mabibi na mabwana, watu wengi wenye vijiwe hawaumwi navyo maisha yao yote; wataishi navyo, watazikwa navyo. Tunaviona kila siku tunapotafuta mambo mengine, kama figo au mimba. Nahodha mmoja wa Siyu, mzee wa heshima, tumbo lake lilikuwa likijaa gesi na kuungua kila siku, kabla ya kula na baada ya kula, usiku na mchana, katikati ya kifua. Alipigwa picha, kijiwe kimoja kikaonekana. Furaha iliyoje, mwizi amepatikana! Akapasuliwa. Na mwezi wa pili baadaye alikuja kunitembelea, akaketi akavua kofia, akaniambia kwa upole, "Binti yangu, mwizi mliyemkamata siye." Maumivu yalikuwa palepale. Alipochunguzwa tumbo kwa kamera alionekana ana kidonda.

Sisemi upasuaji ulikuwa dhuluma. Nasema hakuna aliyekaa naye akamuuliza: yanakuja kwa vipindi au ni ya kila siku? Yanakaa muda gani? Yanapanda begani? Yanafuata mafuta? Utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 1,000 wenye vijiwe na maumivu ya tumbo, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja karibu watu 4 kati ya 10 walikuwa bado wana maumivu, na hali wengi wao walikuwa wameshaondolewa kifuko. Mpishi wangu wa Langoni alipona kabisa. Nahodha hakupona. Na picha zao wote wawili zilisema neno lilelile: kijiwe kipo. Kilichowatenganisha ni maelezo yao wenyewe, na maelezo hayo hayapatikani kwa jeli.

Mkija kwangu, au kwa mwenzangu yeyote, fanyeni hivi. Msile kwa saa 6 hadi 8. Maji matupu kidogo hayana neno, chai ya maziwa ina neno. Ramadhani, kwa siri yenu na yangu, ndio mwezi ninaoupenda kikazi, kwa kuwa ifikapo alasiri mji mzima una tumbo tupu na vifuko vyote vimejaa vizuri kama mapera. Mwambieni mpiga picha maumivu yalipo na yanapokwendea, msingoje aulize. Asipowageuza ubavu, ombeni mgeuzwe, kwa adabu. Na karatasi ikitoka isomeni, au msomewe: vijiwe ni vingapi na kikubwa kina ukubwa gani, vilitembea au vimekwama, ukuta una milimita ngapi, mlipobonyezwa mliumia, mrija una upana gani, na sehemu gani haikuonekana. Hilo la mwisho watu wengi hulionea aibu kuliandika, nami nawaomba wenzangu walioko hapa tusilionee aibu.

Na mkipewa rufaa ya kwenda kupasuliwa, nendeni na picha zote za zamani, hata ile ya miaka mitatu iliyopita iliyolowa maji ya bahari kwenye boti. Mpasuaji akiona kwamba kifuko kilichokuwa na ukubwa wa pera sasa kimesinyaa kikakumbatia vijiwe vyake, atajiandaa kwa kazi ngumu, na huenda akawaambia mapema kwamba pengine hatamaliza kwa matundu madogo na atalazimika kufungua.

Nashukuru sana kwa kunisikiliza. Maswali nayapokea sasa, na tuanze na watu wa Pate, maana kutoka hapa niliposimama naona maji yameshaanza kupwa.